Namna ya Kuongoza Ubia na Shule ili Mwanafunzi wa Darasa la Tisa Asipotee Njiani

Katika shule za sekondari za Marekani, darasa la tisa ndilo la kwanza kati ya madarasa manne, na huko ndiko wanafunzi wengi huanza kupotea bila mtu mzima yeyote kushtuka mapema. Chicago, ninakofanya kazi ya kuratibu ubia wa shirika la nje na shule na kuwa kocha wa walimu, jambo hili limepimwa kwa makini. Mwaka 2005, Elaine Allensworth na John Easton, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza kigezo cha mwanafunzi aliye njiani kuhitimu: amalize darasa la tisa akiwa na krediti tano kamili (krediti hutolewa kwa somo alilofaulu, na huhesabiwa ili ahitimu), bila kupata F, alama ya kufeli, zaidi ya moja ya muhula katika masomo ya msingi, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Aliyetimiza kigezo hicho alikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa miaka minne unaozidi mara tatu na nusu ule wa asiyekitimiza. Shule za jiji zilipoanza kukifuatilia kwa bidii, asilimia ya walio njiani ilipanda kutoka 57 mwaka 2007 hadi 82 mwaka 2013.

Ninawaandikia waratibu, walimu na wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani. Nguzo ya ubia wa aina hii ni kikao cha kila wiki cha walimu wanaowafundisha watoto walewale, na hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kukijenga na kukilinda.

Hatua ya kwanza: Kubaliana na mkuu wa shule kabla ya kusaini

Keti naye ana kwa ana, na usitoke ofisini mwake kabla hamjaelewana kuhusu muda wa kikao ulioandikwa ndani ya ratiba ya shule, mwalimu atakayeongoza timu na saa atakazopunguziwa ili aweze kuiongoza, pamoja na njia ambayo takwimu za wanafunzi zitatolewa. Kuhusu takwimu, kumbuka kwamba kumbukumbu za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, kwa hiyo shirika la nje halipewi majina na alama kwa maneno ya mdomo. Lazima pawe na makubaliano ya maandishi yanayoeleza nani ataziona na kwa kazi gani.

Niliwahi kuingia ubia na shule moja nikiwa na ahadi tu kwamba muda utapatikana. Haukupatikana. Walimu walikutana wakati wa chakula cha mchana, leo watatu, wiki ijayo wawili, na mwezi Februari ulipofika hapakuwa na orodha hata moja ya wanafunzi waliokuwa wakisaidiwa. Walimu wale walikuwa na moyo, na kosa lilikuwa langu kwa kukubali kuanza bila ratiba. Tangu hapo, shule isiyo na muda wa pamoja naiomba isubiri mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: Andaa orodha ifikapo wiki ya tano

Usisubiri ripoti ya mwisho wa muhula, kwa sababu wakati huo F imekwisha kuandikwa. Katika lahajedwali moja weka jina, mahudhurio, alama ya kila somo, idadi ya F, na safu ya mwisho ambayo wengi huisahau: jina la mtu mzima mmoja anayemfuatilia mwanafunzi huyo. Mahudhurio yatazame kwa jicho kali. Mwaka wa shule una siku zipatazo 180, na mwanafunzi anayekosa asilimia 10 ya siku hizo huhesabiwa kuwa mtoro wa kudumu. Hizo ni siku 18, ambazo hufikiwa kwa kukosa siku mbili tu kila mwezi.

Kisha watenge wenye F moja au mbili. Hao ndio ambao kazi ya wiki tatu inaweza kuwarudisha njiani, na ndio wanaosahaulika kwa kuwa hawasumbui darasani. Wenye F nne au tano wanahitaji mpango mzito zaidi pamoja na mshauri wa wanafunzi na familia, na mpango huo utengewe muda wake, kwani shauri lao likiingizwa katika kikao cha kawaida humaliza dakika zote.

Hatua ya tatu: Endesha kikao kinachoishia kwenye kazi ya mtu fulani

Dakika 45 zinatosha. Anzeni kwa kuuliza kila mmoja alichoahidi wiki iliyopita na kilichotokea, kisha wajadilini wanafunzi watatu au wanne, si zaidi, na mmalize kwa kuandika nani atafanya nini kabla ya Ijumaa.

Mfano mmoja utaonyesha ninachomaanisha. Mvulana mmoja alikuwa na F ya hisabati, na mwalimu wake alisema hana ari. Tuliomba kuona alama zenyewe: 75, 70, 80, 65 na sifuri. Wastani wake ulikuwa 58, na katika shule hiyo chini ya 60 ni F. Mtoto mwenye alama kama hizo anajua hesabu. Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyejua kwamba siku ya jaribio lililoleta ile sifuri mvulana alikuwa kliniki, akimtafsiria bibi yake. Aliruhusiwa kulifanya upya, akapata 60, wastani ukapanda hadi 70, na F ikawa C. Ile sifuri moja ilikuwa imezifunika alama nne za halali, na isingejulikana kama walimu wale wawili wasingekaa meza moja.

Hatua ya nne: Mlee kiongozi wa timu, usikiongoze kikao kwa niaba yake

Hapa ndipo makocha wengi hukosea, hasa waliokuwa walimu hodari. Kikao kikisuasua, kocha hukishika, walimu hufurahi, na tangu siku hiyo humngoja yeye. Kutana na kiongozi wa timu kwa dakika 20 siku moja kabla ya kikao. Muulize ni mwanafunzi gani anayemtia wasiwasi na kwa nini, anatarajia nani atapinga, na angependa walimu watoke na uamuzi gani. Wakati wa kikao, kaa pembeni uandike yanayosemwa kwa maneno ya wasemaji wenyewe. Baadaye msomee sehemu moja ya ulichoandika, kwa mfano pale mwalimu aliposema mtoto ni mvivu na mazungumzo yakahamia kwenye nidhamu, kisha umuulize angeuliza swali gani mahali hapo. Mwache afikiri, hata kimya kikirefuka. Jibu atakalolipata mwenyewe atalitumia wiki ijayo, wakati wewe uko shule nyingine.

Hatua ya tano: Iingize familia mapema, kwa lugha yake

Mama mmoja kutoka Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, aliniambia, "Mwalimu, hawajaniita shuleni hata siku moja, basi najua mtoto anasoma vizuri." Binti yake alikuwa na F tatu. Shule ilikuwa imempigia mara nyingi, lakini kwa mashine inayosoma ujumbe wa Kiingereza.

Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kuwasiliana na shule kupitia mkalimani bila kulipa, na si vyema mtoto afanywe mkalimani wa habari zake mwenyewe. Unapopiga simu, salimia na ujue hali za nyumbani kwanza, taja jambo moja zuri uliloliona kwa mtoto, kisha taja somo moja na kazi moja ya kumaliza kabla ya Ijumaa. Eleza pia jinsi alama zinavyopatikana. Wazazi wengi waliosoma kwetu walizoea mtihani wa mwisho kuamua kila kitu, na hawatarajii kwamba zoezi la nyumbani lisilokabidhiwa Oktoba linaweza kumnyima mtoto krediti.

Hatua ya sita: Rudi kwa mkuu wa shule kila robo ya mwaka

Mpelekee karatasi moja tu: walio njiani ni wangapi, vikao vingapi vimefanyika kati ya vilivyopangwa, na kizuizi kimoja ambacho yeye peke yake anaweza kukiondoa. Mwezi Juni, kabla walimu hawajatawanyika, kaeni na timu ya darasa la kumi mkiwa na orodha ileile. Kwa kila anayedaiwa krediti, andikeni somo analodaiwa, kama amejiandikisha masomo ya kiangazi, na jina la mwalimu atakayempokea siku ya kwanza ya muhula mpya.