Namna ya kufanya field ya uhusiano kwa umma kwenye NGO ukatoka na kazi ya kuonyesha mkononi

Kila ikikaribia Julai, barua za wanafunzi wanaoomba field hutujaa ofisini. Nyingi zinafanana: "Naomba nafasi ya kujifunza kwa vitendo katika idara yenu ya mawasiliano." NGO nyingi ndogo hazina idara hiyo. Zina mtu mmoja, na huyohuyo ndiye anayeandika ripoti za mradi na kubeba kamera. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kwenda. Taasisi kubwa itakuweka kwenye kukata vipande vya magazeti; NGO ndogo itakukabidhi taarifa nzima uisimamie mpaka itoke redioni. Juzi nimemaliza kumwelekeza binti mmoja wa mwaka wa tatu, nikaona heri niyaandike.

Hatua ya 1: Chagua asasi

Iwe imesajiliwa kwa Msajili wa NGOs, na iwe na mradi unaoendelea. Uliza mradi unaisha lini. Asasi inayosubiri mfadhili mpya haina habari ya kutoa, utaishia kupiga chapa.

Hatua ya 2: Omba kazi mahususi ya kufanya

Ambatisha barua ya chuo, kisha taja kitu kimoja: "Naomba niandae taarifa ya makabidhiano ya vyoo vya shule mnavyojenga." Basi. Msimamizi akisoma hivyo anajua atakutumia wapi.

Hatua ya 3: Andika taarifa kwa vyombo vya habari

Usianze na "Mkurugenzi wetu amewashukuru wadau wote waliofanikisha hafla." Mhariri hafiki sentensi ya pili. Tuseme shule ina wasichana 400 na ilikuwa na matundu manne ya choo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo yalihitajika 20. Asasi imejenga 16. Hiyo ndiyo habari, na hesabu yake ianze aya ya kwanza. Shukrani za mkurugenzi zikae chini.

Andika maneno ya kawaida, bila mapambo, ndani ya baruapepe yenyewe. Mabango ya Canva siyataki hata kuyaona: mhariri hawezi kunakili maneno yaliyomo ndani ya picha.

Hatua ya 4: Ipitishe

Chuoni hawaifundishi hii, na ndiyo inayokula siku. Taarifa ya aya sita inaweza kukaa wiki nzima kwenye meza za watu kabla haijatoka, na habari ya makabidhiano ikishapita siku tatu hakuna anayeitaka. Anza kuipitisha kabla ya hafla, ukiacha nafasi tupu za nukuu na idadi ya waliohudhuria.

Nani anaipitisha? Wa kwanza ni ofisa mradi, kwa sababu ya takwimu. Mpelekee namba peke yake kwenye karatasi, usimpe taarifa nzima; ukimpa yote ataanza kukusahihishia Kiswahili. Baada yake mkurugenzi, kwa nukuu yake. Usimwombe atunge. Mwandikie sentensi mbili zinazofanana na anavyozungumza, abadilishe mwenyewe.

Wa tatu ni mfadhili. Soma mkataba au mwongozo wake wa nembo kabla hujagusa chochote. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka bendera yake ionekane, kauli kwamba umefadhili, na sentensi kwamba maoni yaliyotolewa si lazima yawe yake. Wako wafadhili wanaotaka kuiona taarifa kabla haijatoka, na ofisi yao huenda iko Ulaya au Marekani. Wa Washington bado wamelala wakati wewe unakunywa chai ya saa nne, hilo liweke kwenye hesabu.

Wa nne husahaulika sana: halmashauri. Shule ni ya serikali. Mwalimu mkuu anaweza kukupokea vizuri, akakupa na soda, lakini akiombwa kuzungumza redioni atakuuliza kibali cha DED, yaani mkurugenzi mtendaji wa halmashauri. Barua ya kibali ipelekwe mapema, ieleze siku, shule, na kwamba kutakuwa na waandishi na kamera. Ukishapewa, toa nakala tatu. Ofisa elimu kata naye ataitaka.

Halafu picha. Mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa maandishi, ikisema picha itatumika wapi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kufanya kazi, jambo hili haliachwi kwa neno la mdomo. Fomu iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Mzazi akisita, piga picha ya mikono ikinawa bombani. Inatosha, na mara nyingi ni nzuri zaidi.

Hatua ya 5: Tuma

Asubuhi, kabla vikao vya habari havijaisha. Picha ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa na gazeti halitaichapa. Anza na redio ya jamii na klabu ya waandishi ya mkoa; waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo kilichokamilika wanakipokea. Baada ya saa moja piga simu: "Shikamoo dada, nimetuma ile ya vyoo, kuna kilichopungua?" Ukiulizwa nauli, mwelekeze kwa msimamizi wako. Mwanafunzi wa field hagawi bahasha.

Hatua ya 6: Hifadhi

Rasimu ya kwanza, iliyopitishwa, na ilivyotoka gazetini, zote tatu kwenye faili moja. Kipindi cha redio kirekodi kwa simu siku hiyohiyo, kwani vituo vingi vidogo havikutunzii. Barua ya ushuhuda iombe wiki mbili kabla ya kuondoka, na itaje taarifa hiyo kwa jina.