Kuediti picha bila kulipia programu ya bei ghali

Mwaka 2013 Adobe waliipeleka Photoshop, programu yao ya kuediti picha, kwenye malipo ya kila mwezi. Sisi wapiga picha wa Mwanza, ambao msimu wa harusi ukiisha kazi inakata, tukakimbilia programu zilizochakachuliwa. Yangu niliwekewa kwa flashi. Ikaja na kirusi, nikapoteza picha zote za send-off ya binti mmoja, na ilinibidi niende kumweleza mama yake uso kwa uso. Sitaki mwenzangu apite hapo, maana programu halali za bure zipo na zinafanya kazi.

Hatua ya 1: Angalia kazi zako za wiki iliyopita. Mimi nilisawazisha mwanga, nikaondoa madoa usoni na kutengeneza pasipoti saizi. Hakuna hata moja iliyodai programu ya kulipia.

Hatua ya 2: Kama unatumia simu, weka Snapseed. Ni ya Google, bure. Picha za bidhaa, hata za samaki pale mwalo wa Kirumba, zinaishia humo.

Hatua ya 3: Kwa picha za RAW, yaani faili ghafi linalotoka kwenye kamera, pakua darktable, programu ya bure ya kompyuta. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inaifaa zaidi. Kwenye GB 4 utasubirisubiri. Hapa nenda taratibu, kwa sababu ziwa letu lina shida yake.

Maharusi wamesimama jioni, Jiwe la Bismarck liko nyuma yao, jua linazama. Kamera inapima mwanga wa maji, nyuso zinatoka giza tupu. Ukipandisha mwanga wa picha nzima, anga linaungua. Kwa hiyo fungua sehemu ya darkroom, nenda kwenye exposure (kipimo cha mwanga), uongeze exposure ya pili. Chini yake chagua drawn mask (eneo unalolichora mwenyewe ili mwanga uguse hapo tu), chora duara kuzunguka nyuso, kisha panua ukingo wake ili mwanga uishe polepole, usiache alama. Sasa pandisha namba ya exposure hiyo kidogo kidogo, kati ya 0.5 na 1 mara nyingi inatosha. Kuza picha uangalie shavu la bibi harusi: ule mng'ao wa jua juu ya ngozi ukianza kugeuka jivu, umezidisha, rudi nyuma.

Wapo watakaokuambia, "Kaka, nifanye mweupe kidogo." Mimi huwaonyesha kwanza picha yenye rangi yao wenyewe, iliyopata mwanga wa kutosha. Wengi wakijiona hivyo hawaombi tena.

Darktable haigusi picha ya asili. Marekebisho yanakaa kwenye faili dogo la XMP kando yake, basi ukihamishia kazi kwenye diski nyingine, beba yote mawili.

Hatua ya 4: Kwa madoa na pasipoti, tumia GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, na mpaka leo haiuzwi. Bonyeza H upate Healing, shikilia Ctrl ubofye ngozi safi iliyo karibu na doa, achia, kisha pitisha brashi juu ya doa. Alama za kuzaliwa nazo usizifute bila kuuliza. Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 kwenye ubora wa 300 (nukta kwa kila inchi) ni pikseli 413 kwa 531. Ukimaliza chagua Export As utoe JPEG; uki-save kawaida unapata faili la XCF, na stationery nyingi zitashindwa kulifungua.

Hatua ya 5: Mteja akikuletea PSD, yaani faili la Photoshop, ingia Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari na kusoma leya zake (tabaka za picha). Kuna matangazo pembeni, lakini faili linahaririwa kwenye kompyuta yako, halipandishwi mtandaoni, hivyo bando linatumika zaidi kufungua ukurasa.

Hatua ya 6: Safisha, yaani chapisha kwenye karatasi, picha moja kabla ya kusafisha mia. Zangu zilikuwa zinatoka na giza, nikailaumu programu bure, kumbe skrini ilikuwa inang'aa kupita kiasi. Nilisogea dirishani mchana, nikaishika karatasi kando ya skrini, nikapunguza mwanga wa skrini mpaka vikafanana. Tangu siku hiyo sijaugusa.