Somo: Funguo mbili za SSH, akaunti mbili, kompyuta moja

Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwenye akaunti yake ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, anayeshika pia kazi za ofisi fulani kule Mtumba kwa akaunti nyingine, hachelewi kukutana na `Key is already in use`. GitHub haipokei ufunguo mmoja kwenye akaunti mbili. Kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva, wote tunaingia kwa jina lilelile, `git`, kwa hiyo seva inakutambua kwa ufunguo tu.

1. Tengeneza funguo

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "masomo" -f ~/.ssh/id_masomo
ssh-keygen -t ed25519 -C "kazi" -f ~/.ssh/id_kazi
```

Usiache `-f`. Ukibonyeza Enter tu, faili inaitwa `id_ed25519`; kama jina hilo lipo utaulizwa `Overwrite (y/n)?`, na ukijibu `y` ufunguo wa zamani ndio umekwenda. Weka neno la siri, hasa kama laptopu unapanda nayo daladala. Kwenye akaunti bandika yaliyomo kwenye faili yenye `.pub`. Ile isiyo na `.pub` haitumwi kwa mtu yeyote.

2. Andika `~/.ssh/config`

```
Host gh-masomo
  HostName github.com
  User git
  IdentityFile ~/.ssh/id_masomo
  IdentitiesOnly yes

Host gh-kazi
  HostName github.com
  User git
  IdentityFile ~/.ssh/id_kazi
  IdentitiesOnly yes
```

`gh-masomo` na `gh-kazi` ni majina ya kujipangia tu, yanasimama badala ya `github.com`. Kisha `chmod 600` kwa config na funguo za siri, ili wewe tu uweze kuzisoma. Mstari ambao wengi huuruka ni `IdentitiesOnly`, na ndio wenye kesi. Bila huo, kama `id_kazi` haijapakiwa kwenye ssh-agent (programu inayokushikia funguo), funguo zilizomo humo hutangulia. GitHub inachukua wa kwanza inaoutambua, unaingia kama mtu mwingine, halafu unaambiwa `Repository not found` wakati repo (hifadhi ya mradi) unaiona kabisa kwenye kivinjari.

3. Jaribu

`ssh -T git@gh-kazi` ikijibu `Hi` na jina, soma jina lenyewe. Salamu peke yake haitoshi. Repo mpya: `git clone git@gh-kazi:ofisi/mradi.git`. Ya zamani: `git remote set-url origin git@gh-kazi:ofisi/mradi.git`.

4. Barua pepe ya komiti

Hii ni ile inayoandikwa kwenye kila badiliko unalohifadhi; SSH haihusiki nayo kabisa. Weka miradi ya ofisi ndani ya `~/kazi/`, kisha kwenye `~/.gitconfig`:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
  path = ~/.gitconfig-kazi
```

Kwenye `~/.gitconfig-kazi` weka `[user]` na email ya ofisi. Mkwaju (`/`) wa mwisho baada ya `kazi` ukisahaulika, folda za ndani hazishikwi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mtandao wa hosteli unakwama, `Connection timed out`. Kwa bando la simu inakubali.*
Poti 22, mlango wa kawaida wa SSH, imefungwa. Badilisha `HostName` iwe `ssh.github.com`, ongeza `Port 443`. Utaulizwa upya kuhusu alama ya seva (fingerprint). Ya ED25519 inaanza na `SHA256:+DiY3`. Ilinganishe yote na iliyo kwenye kurasa za msaada za GitHub kabla ya kujibu `yes`.

*GitLab nayo inahitaji ufunguo wake?*
Si lazima, ni seva nyingine. Ila laptopu ikiibiwa itabidi ukumbuke kuufuta kote kote.

*Mwalimu, VPS yangu (seva ya kukodi) inasema `Too many authentication failures`.*
OpenSSH kwa kawaida inaruhusu majaribio 6, na kila ufunguo unaotolewa ni jaribio. Hakiki kwa `ssh-add -l`, kisha weka `IdentitiesOnly yes` kwenye Host ya VPS hiyo pia.

*Repo inakloni vizuri, submodule (repo zilizo ndani yake) zinakataa.*
`.gitmodules`, faili yenye anwani za submodule, imeandikwa `github.com`, haijui `gh-kazi`. Usiibadilishe, utawavurugia wenzako. Elekeza upande wako tu:

```
git config --global url."git@gh-kazi:ofisi/".insteadOf "git@github.com:ofisi/"
```

Kama anwani zake zinaanza na `https://github.com/ofisi/`, ongeza ya pili kwa `--add`, la sivyo itafuta ya kwanza.