Trekta dogo na slasha yake: ya kukagua kabla majani hayajakupita magotini

Trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 40 halina springi. Kati ya ardhi na mgongo wa dereva kuna tairi na kiti, basi. Kwa hiyo dereva akirudi jioni ameshika kiuno, usiishie kumpa pole. Nenda kapime upepo. Tairi za nyuma za matrekta ya aina hii mara nyingi zinataka PSI 12 hadi 20 tu, na kiwango chenyewe kimo kwenye kitabu cha trekta. Kijana wa pancha aliyezoea magari atajaza 35 kwa nia njema kabisa, na tairi litakuwa gumu kama gogo: kila kichuguu utakachopanda kitafika mpaka kwenye meno. Nunua geji yako inayosoma upepo mdogo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, na hakikisha kushoto na kulia ni sawasawa, maana zikitofautiana slasha, mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, nayo inalala upande mmoja.

Nati za magurudumu kaza kila wiki. Bolti za kiti na reli zake zitikise kwa mkono. Pini inayobeba ekseli ya mbele ipige grisi kila baada ya saa 10 za kazi, kwa sababu ikilegea usukani unacheza na dereva anachoka kwa kupigana nao. Futa nipo, yaani kichuchu cha kuingizia grisi, kwa kitambaa kabla ya kuweka bomba la grisi. Vumbi ulilosukuma ndani lina kazi moja tu, kusaga chuma.

Oili ya injini ipime kila asubuhi trekta likiwa limesimama pahala tambarare. Injini nyingi ndogo za dizeli hutumia 15W-40. Trekta jipya hubadilishwa oili mapema, mara nyingi kwenye saa 50 za mwanzo, kisha unafuata kitabu. Oili ya haidroli ni kitu kingine kabisa, usiichanganye na ya injini hata kama dumu limebaki nusu.

Dizeli ya kwenye madumu iache itulie usiku kucha, mimina kwa kitambaa safi, na usimimine hadi tone la mwisho. Jaza tangi jioni, si asubuhi, ili hewa ya usiku isipate nafasi ya kuacha maji ndani. Kikombe cha chini ya chujio kifungue kidogo, utoe maji yaliyotuama.

Vumbi la Tabora kuanzia Juni hadi mvua za Novemba linahitaji adabu yake. Chujio la hewa lina kirabari chini ya nyumba yake: kiminye kila siku kidondoshe vumbi. Chujio la nje lipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo usiozidi PSI 30. Ukilipiga kwa upepo wa kujazia tairi za lori, karatasi inatoboka na hutaona kitu mpaka umulike tochi ndani gizani. Chujio la ndani halipulizwi wala kugongwagongwa. Linabadilishwa.

Rejeta nayo husahaulika hadi Mei, majani yanapotoa mbegu. Makapi yanapita kwenye wavu, yanaganda kati ya wavu na rejeta, na kwa mbele kila kitu kinaonekana safi. Chomoa wavu, piga brashi laini, puliza taratibu kutoka upande wa feni. Usianze na maji, yatageuza vumbi kuwa tope. Ndani weka kulanti, kimiminika maalumu cha rejeta, si maji matupu. Watu husema huku hakuna barafu, ya nini kulanti? Kazi yake nyingine ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na Tabora iko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta uliochoka, usioshika presha, unakurudisha hapo hapo. Sindano ya joto ikipanda, zima PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha slasha), acha injini ipoe yenyewe. Maji baridi kwenye injini ya moto hupasua silinda hedi.

Sasa slasha. Kabla ya kuingia chini yake, ishushe au itegemeze kwa magogo imara, zima injini, chomoa ufunguo. Haidroli peke yake isikubebee chuma kichwani. Visu vinolewe kwa jozi na vibaki na uzito sawa: kimoja kikipungua, mtikisiko unapanda hadi kwenye kiti na beringi za giaboksi zinakufa kimya kimya. Ning'iniza kila kisu kwenye mizani ya samaki, linganisha. Kisu cha slasha hakinolewi kama cha kuchinjia. Acha ubapa wa milimita moja hivi kwenye makali, la sivyo kitapinda kikigusa kichuguu cha kwanza. Mbele ya slasha iwe chini kuliko nyuma kwa sentimita 1 hadi 2, unarekebisha kwa mkono wa juu wa kati. Minyororo ya pembeni isilegee.

Halafu kuna bolti ya kukatika. Hii isome mara mbili.

Mashamba na viwanja vingi vya Uyui, Sikonge na Urambo, wilaya za mkoa wa Tabora, vilikuwa msitu wa miombo. Mti ulikatwa, kisiki kikabaki, nyasi zikakifunika. Slasha inazunguka kwa nguvu ya PTO, mizunguko 540 kwa dakika, na kisu kinapokutana na kisiki cha mninga kinasimama hapo hapo. Injini haisimami. Nguvu hiyo lazima itokee mahali, na mtengenezaji ameichagulia mahali: bolti moja laini inayofunga propela, ile shafti inayotoka kwenye PTO, kwenye giaboksi ya slasha. Inakatika, propela inazunguka bure, dereva anasikia mlio, anazima. Dakika kumi, bolti ya bei ndogo, kazi inaendelea.

Mambo huharibika pale ambapo dereva hana bolti ya akiba. Anaweka msumari. Msumari unakatika baada ya mistari miwili. Anaweka mwingine, nao unakatika. Jua linazama na mwenye shamba amesimama anatazama. Mtu anamletea bolti nene iliyotoka kwenye lori, kichwani imeandikwa 10.9, na inaingia vizuri kabisa. Jioni ile inapita salama, kesho yake pia, na kila mtu anaamini tatizo limekwisha. Kisiki kinachofuata hakiikati. Kinakata krosi ya propela, au kinang'oa meno ya pinioni ndani ya giaboksi, na siku mbaya zaidi kinarudi hadi kwenye shafti ya PTO ya trekta lenyewe. Hapo trekta linafunguliwa nyuma yote, na kipuri kinaagizwa Dar es Salaam huku majani yakiendelea kuota.

Kwa hiyo: soma kitabu kinataka namba gani ya ugumu, na tazama namba iliyogongwa kwenye kichwa cha bolti. Kikitaka 4.6, usiweke 8.8. Kikitaka 8.8, usiweke 10.9. Unene na urefu viwe vile vile, na mahali bolti inapokatikia pawe na sehemu laini isiyo na meno. Nunua kumi kwa mpigo, zifunge kwenye kitambaa, weka kwenye boksi la trekta pamoja na spana zake. Bolti ya milimita 8 kwa kawaida inataka spana namba 13, mbili. Tundu likishakuwa la yai, peleka kwa fundi alichonge upya, kwa kuwa bolti inayocheza hukatika hata bila kisiki.

Na jambo ambalo hata mafundi hulipita: bolti inaweza kukatika na propela isizunguke bure, kwa sababu kutu imeishika propela pale inapoungana na giaboksi. Mwanzo wa kila msimu, zima injini, toa bolti, zungusha propela kwa mkono. Ikikataa, hiyo bolti haikulindi hata kidogo. Fungua, safisha, paka grisi, jaribu tena. Slasha zenye klachi ya sahani badala ya bolti zina ugonjwa huo huo baada ya kulala kiangazi kizima.

Kifuniko cha plastiki cha propela kiwepo na kisizunguke nayo. Mizunguko 540 kwa dakika ni mara tisa kila sekunde; khanga au mkono wa koti ukishikwa hakuna muda wa kupiga kelele. Fremu ya kumkinga dereva iwe juu, mkanda umefungwa. Tembea kiwanja kwa miguu kwanza, toa waya na mawe, kila kisiki kichomekee kijiti chenye kitambaa chekundu. Watoto wakae mbali, kwa sababu slasha hurusha jiwe mbali kuliko unavyodhani.

Ukifyeka njia za kuzuia moto, fanya Mei majani yakiwa bado na unyevu. Ukichelewa mpaka Agosti, simama kila saa utoe nyasi kavu zilizojikusanya kwenye ekzosi na chini ya injini, na beba dumu la maji na koleo. Nyigu wa udongo nao wanapenda tundu la hewa la mfuniko wa tangi: injini ikizimika baada ya nusu saa na kuwaka tena ukifungua mfuniko, chukua sindano, zibua. Ukimaliza, slasha iguse ardhi, breki ya mkono, ufunguo mfukoni, na turubai lisubiri mpaka ekzosi ipoe.