Kupanga Backstreet Boys kwenye flashi bila kurudia wimbo

Kibanda changu kiko Nyawera, hapa Bukavu. Nahamisha nyimbo kutoka CD za zamani kwenda kwenye flashi, na watu wa rika langu wananiletea karibu mfuko uleule: Backstreet Boys, lile kundi la waimbaji wa Marekani, CD nne au tano, nyingine zimekwaruzika kama sehemu ya chini ya sufuria.

Kabla ya kuwasha kompyuta, pindua kila CD usome orodha ya nyuma. Mtego uko hapo. Kuna albamu mbili zinazoitwa Backstreet Boys. Moja ilitoka 1996 kwa ajili ya Ulaya na kwingineko nje ya Marekani. Nyingine ilitoka Marekani Agosti 1997, nayo imechota nyimbo kutoka ile ya 1996 na kutoka Backstreet's Back, ambayo sisi wa huku tuliipata kama albamu ya peke yake. Mtu wa Bukavu anajikuta na zote tatu kwa sababu shangazi wa Brussels alituma mbili na kaka aliye Marekani akatuma ya kwake. Niliwahi kumjazia dereva mmoja wa taksi zote bila kutazama. Alirudi jioni, injini hakuizima: "Papa, Quit Playing Games mara mbili, As Long as You Love Me mara mbili. Ulitaka flashi ijae tu?" Nilirudia kazi bure.

Kwa hiyo, ukiwa nazo tatu, ya Marekani iweke pembeni. Ukiwa na ya Marekani peke yake, tafuta Everybody kwenye orodha: matoleo ya mwanzo hayakuwa nayo, iliongezwa baadaye.

CD chafu ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Sasa fungua mafolda kwa kufuata miaka: 01 ya 1996, 02 Backstreet's Back, 03 Millennium ya 1999, 04 Black & Blue ya 2000, 05 Never Gone ya 2005, 06 Unbreakable ya 2007, 07 This Is Us ya 2009, 08 In a World Like This ya 2013. Ile sifuri usiiache, bila hiyo, mafolda yakifika kumi, baadhi ya vifaa vitaweka 10 mbele ya 2. Mkusanyiko wa 2001 mimi nauchukulia wimbo mmoja tu, Drowning, uliokuwa mpya.

Kwa nini miaka na si alfabeti? Hawa walikusanywa na Lou Pearlman, mfanyabiashara wa ndege za kukodi, kule Orlando mwaka 1993. Nick Carter alikuwa na miaka 13. Ukisikiliza kwa mpangilio unamsikia mtoto akibalehe kutoka folda hadi folda. Ukichanganya, unapata kelele za harusini.

Flashi ifomati kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili. Kisha nakili folda moja moja, ya kwanza ikimaliza ndiyo uanze ya pili, maana redio nyingi za gari hupiga kwa kufuata zilivyoingia, majina hazijali. Umeme ukikatika katikati, faili ya mwisho usiiamini hata kama inaonekana nzima. Ifungue, usikilize sekunde kumi za mwishoni.

Jaribu kwenye redio ya mteja mwenyewe. Mama mmoja wa Nguba alikaa kwenye kigoda changu akisikiliza folda ya 06, akakunja uso. "Kijana, ile sauti nzito ya chini umeikata?" Sikuikata. Kevin Richardson, mwenye sauti hiyo, aliondoka kwenye kundi 2006 akarudi 2012. Nikamrukishia folda ya 08, akaegemea ukuta na kuniambia niongeze sauti.