Kabla ya kumhoji mtunza fedha anayetuhumiwa

Fedha za SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, zikipungua, kila mjumbe anataka mtunza fedha aitwe leo hii aseme zilikokwenda. Nawaomba mzuie haraka hiyo. Mtuhumiwa huhojiwa mwishoni, baada ya nyaraka na mashahidi. Ukimwita mapema, atajua unachokijua na usichokijua, na vitabu vinaweza kupotea usiku huohuo.

Anza kwa kuvihifadhi vitabu vya stakabadhi na hati za malipo. Taarifa ya benki ifuateni benki wenyewe. Msiipokee kutoka kwa anayechunguzwa. Kisha linganisha tarehe ya kila stakabadhi na tarehe fedha ilipoingia benki. Wizi wa keshia mara nyingi hujificha hapo: anachukua marejesho ya mwanachama mmoja, halafu analiziba pengo kwa fedha za mwanachama anayefuata, na shimo linaendelea kusogezwa mbele. Jumla ya mwezi inaweza kukubali huku tarehe zikikataa. Wengi husema mwizi wa namna hii haendi likizo. Ni kweli analazimika kukilinda kiti chake, lakini wapo pia waaminifu wasiokwenda likizo, kwa hiyo hilo usiliite ushahidi.

Panga maswali kabla hujaingia chumbani, na mpangilio wake ndio kazi kubwa. Tuseme umeona stakabadhi ya shilingi 450,000 ya tarehe 3 iliyofika benki tarehe 11. Usianze kwa kumwekea mezani. Mwombe kwanza aeleze safari ya fedha tangu mwanachama anapomkabidhi hadi inapopokelewa benki. Nani mwingine ana ufunguo wa sefu? Akienda kula, nani hutumia nywila yake? Aliwahi kuagizwa acheleweshe kupeleka fedha? Mwache amalize bila kumkatiza. Ukitoa stakabadhi baada ya hapo, ama maelezo yake yataifafanua, ama atalazimika kuyabadilisha, na mabadiliko hayo yaandikwe neno kwa neno. Kwa hiyo awepo mtu wa pili wa kuandika.

Jua pia mipaka yako. Mkaguzi wa ndani au mjumbe wa kamati ya usimamizi si polisi: asifunge mlango kwa ufunguo wala kumnyang'anya mtu simu. Asiahidi kwamba mtuhumiwa akirudisha fedha mambo yataishia hapo. Dalili za jinai zikionekana, jalada liende polisi, au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kama kuna rushwa. Polisi nao, Tanzania, hufungwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985: muda wa msingi wa kumhoji aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakipingwa mahakamani, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari.

Jambo moja huwa tunalisahau, nami naliona zito kuliko yote. Kabla ya siku ya mahojiano, andika sababu zinazoweza kumsafisha mtunza fedha, kisha uzichunguze kwa bidii ileile. Pengine benki ilifungwa kwa sikukuu. Pengine meneja alichukua fedha zile kwa dharura na kuacha karatasi yenye saini. Ifungueni sefu muitafute karatasi hiyo kabla mtunza fedha hajaitwa.