Kufunga kava za ndani ya madigadi kwenye pikapu ya Pwani

Ukitaka kujua afya ya pikapu inayoishi Mombasa, inama nyuma ya gurudumu la nyuma upitishe kidole kwenye ukingo wa madigadi, pale bati linapokunjwa kuingia ndani. Kidole kikitoka na unga mwekundu, kutu imeshapata makao.

Wiki hii nilimsaidia jirani wa Likoni anayebeba samaki kutoka Gazi kuja mjini. Maji ya barafu yenye chumvi huvuja kwenye bodi na kuchuruzika hadi ndani ya madigadi, na barabara nayo inarusha mchanga na kokoto za matumbawe. Pikapu nyingi hutoka kiwandani na kava za mbele tu, yaani zile ngao zinazokinga bati la ndani ya madigadi. Nyuma huwa ni bati lililopakwa rangi, basi. Alikuwa ameshanunua kava za nyuma, na mafundi wawili walikuwa wamemwambia ni kazi ya kupiga skrubu nne. Kufunga ni rahisi kweli. Kinachoamua kama bati litapona ni kile unachofanya kabla ya kufunga.

Kwanza uchaguzi. Chukua kava za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa modeli na toleo la gari lako, kwa sababu kava ya toleo moja la Hilux au D-Max mara nyingi haikai kwenye toleo linalofuata. Kuna zile za kitambaa kizito mfano wa zulia. Zinapunguza kelele, lakini kwa Pwani sizishauri hata kidogo: zinashika unyevu, na mchanga wa bahari ukiingia kwenye nyuzi hautoki. Plastiki pana za kubandika nje ya madigadi ni mapambo. Hazifuniki bati la ndani, na uchafu hukaa katikati ukisaga rangi.

Hatua ya 1: Toa magurudumu

Jeki, stendi, kizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili. Usiingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2: Toa chumvi, kisha kausha

Hapa ndipo muda wako wote uende. Kava ikifungwa juu ya bati lenye chumvi inakuwa kama kifuniko cha sufuria: unyevu unabaki ndani, na bati linaoza mahali ambapo huoni tena.

Jambo la kwanza ni maji yenyewe. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na sehemu nyingi za kuosha magari hutumia maji hayohayo. Gari linaondoka liking'aa huku limeongezewa chumvi kwenye kila mkunjo. Muulize anayeosha maji yake yanatoka wapi. Akisema kisima, yaonje kwa ncha ya ulimi, au paka sabuni mkononi uone kama inatoa povu. Maji yakikataa povu, yaache. Tafuta maji matamu ya mfereji, yale yanayoletwa kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima au mtambo wa maji wa Baricho. Ukinunua mitungi ya mkokoteni, usiamini mpaka uonje, maana mingine hujazwa kisimani.

Presha ya maji ni nzuri kwa tope lililoganda, ila haiingii kwenye mkunjo wa ukingo. Huko tumia mswaki wa zamani na kijiti, ukikwangua huku maji yakitiririka taratibu kutoka juu. Endelea hadi maji yanayodondoka yawe safi kabisa. Ukiona vitundu vidogo chini ya mkunjo, vizibue: vimewekwa ili maji yatoke. Wapo wanaoviziba kwa silikoni wakidhani wanazuia maji kuingia. Usikubali.

Kukausha nako kuna hila zake. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu hewani, kwa hiyo bati linaweza kuonekana kavu saa sita mchana na kuwa na jasho alfajiri. Acha gari kwenye jua bila magurudumu mchana kutwa, kisha lipangushe asubuhi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na unyevu unaonata au ladha ya chumvi, rudia kuosha. Ukiweza kuchagua, fanya kazi hii Januari au Februari wakati wa kaskazi. Mwezi wa tano utasubiri jua mpaka uchoke.

Hatua ya 3: Kutu na nta

Kwangua kutu inayobanduka kwa brashi ya waya, paka dawa ya kubadilisha kutu, iache igeuke nyeusi na ikauke, kisha paka praima, ile rangi ya kwanza ya msingi. Juu yake pulizia nta ya kuzuia kutu hadi ndani ya mkunjo. Funika breki na mipira ya shokamzoba kwa gazeti kwanza. Lami ya kupaka siipendi: ikizeeka hupasuka na maji huingia chini yake. Oili chafu hata usiilete, inaharibu mpira na kumwagika ardhini.

Hatua ya 4: Funga kava

Tumia matundu yaliyopo na klipu za plastiki. Tundu jipya ni bati jipya lililo wazi. Ikikubidi kutoboa, chungulia nyuma kwanza, kwa kuwa kwenye pikapu nyingi bomba la kujazia mafuta hupita hapo, pamoja na nyaya na mipira ya breki. Tundu lipakwe praima, na skrubu ya chuma kisichoshika kutu ichovywe kwenye grisi. Acha upenyo sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke.

Rudisha magurudumu, kisha pakia mzigo wako wa kawaida na upite kwenye matuta polepole. Pakiwa na nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na kava huku gari limebeba, sawa. Za mbele zijaribu kwa kukata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto.

Hatua ya 5: Mipira ya matope

Ifunge nyuma ya kila gurudumu, pana kuliko tairi.

Baada ya wiki chache kaza nati na klipu tena. Kila ukirudi kutoka ufukweni, ingiza mpira wa maji matamu nyuma ya kava kwa juu, uache maji yashuke mpaka yatoke masafi chini.